Mfuko wa Mwisho Ujilipe Wenyewe

Hotuba iliyotolewa mjini Tanga mbele ya wakulima, mawakala wa pembejeo na maafisa ugani. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti, marudio yakapunguzwa.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana mlioshuka na basi la alfajiri kutoka Lushoto, poleni na baridi mliyoiacha na joto mlilolikuta.

Mwenyekiti aliponipigia simu kunipa mada, mke wangu alikuwa karibu. Alisikia "mbolea ya shairi". Akaniuliza tangu lini mashairi yakawekewa mbolea. Kwa mtu wa Tanga, ambako Shaaban Robert alizaliwa pale Vibambani mwaka 1909, swali hilo ni la haki kabisa. Basi niwatoe wasiwasi mapema: leo hakuna vina, na mizani itakayotajwa ni ya kupimia kilo.

Ninazungumzia shayiri, ile tunayoijua pwani kwenye uji, hasa wakati wa Ramadhani. Ila hii ya leo inakwenda kwenye kimea. Bibi yeyote aliyewahi kutengeneza togwa anajua kimea ni nini: unaloweka ulezi, unauacha uote, unauanika, unausaga. Kiwandani wanafanya hayo hayo kwa shayiri, kwa tani badala ya vibaba. Kimea kingi zaidi kinakwenda kwenye bia, lakini wewe usiyegusa bia usijione uko mbali nacho. Vipo vinywaji vya unga vya watoto ambavyo ndani yake mna kimea cha shayiri.

Kwa nini tuzungumze hayo Tanga, wakati shayiri ya biashara nchini inajulikana zaidi kule Monduli, Karatu na West Kilimanjaro? Kwa sababu kuna vijana hapa wa Shume, kule juu Lushoto, wanaotaka kuijaribu. Shayiri inapenda ubaridi wa milimani, mita 1,500 kwenda juu huku kwetu tropiki. Usambara ya juu ubaridi huo upo. Mtu wa Pongwe au Pangani asihangaike nayo, atavuna majani. Lakini hesabu nitakayoifanya leo ubaoni mtu wa Pongwe anaweza kuibeba akaitumia kwenye mahindi yake, kwa hiyo msiondoke.

Wazee mnakikumbuka kiwanda chetu cha mbolea. Kilijengwa hapa hapa Tanga, kikafanya kazi miaka ya sabini na themanini, kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Fosfeti ya Minjingu, kule Manyara, ilikuwa inaletwa hadi hapa. Nilikuwa kijana, na ninachokumbuka ni kwamba mazungumzo yote ya mbolea yalikuwa ya tani: tani ngapi zimetoka, tani ngapi zimekwama stesheni. Sikumbuki hata mkutano mmoja ambapo mkulima aliulizwa: wewe, kwenye shamba lako, mfuko wa ngapi unakulipa? Swali hilo ndilo limenileta.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la mwingine mtasema mzee huyu anasengenya.

Nilikuwa bwana shamba kijana kule kaskazini. Nilikuwa na kipeperushi mkononi na pikipiki mpya, na hakuna kitu cha hatari kama hicho. Mkulima mmoja alikuwa akiweka mfuko mmoja wa urea kwa ekari ya shayiri. Nikamwambia ongeza, weka miwili. Akaongeza. Shamba likawa la kijani la kupigiwa picha, na picha tulipiga. Halafu zikaja mvua mbili za upepo, shayiri ikalala chini kama mkeka. Tukavuna kwa shida. Bado ilikuwa nyingi kidogo kuliko ya jirani, nami nikaanza kutamba. Tukapeleka mzigo kwa mnunuzi. Wakachota sampuli, wakapima, wakarudi na karatasi: protini imezidi, punje nyembamba. Mzigo wote ukakataliwa kwa kimea, akauza kwa bei ya chakula cha mifugo. Yule mzee hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, umenilimia majani." Maneno hayo sijayasahau.

Ilikuwaje? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo shayiri ya kimea inapotofautiana na mahindi.

Urea ni mbolea ya naitrojeni, na naitrojeni ndiyo inayotengeneza protini. Ukipima naitrojeni kwenye punje ya shayiri ukazidisha kwa 6.25, unapata protini yake. Punje yenye naitrojeni asilimia 1.6 ina protini asilimia 10. Ikifika asilimia 2, protini imefika 12.5. Mnaona jinsi tofauti ndogo inavyokuwa kubwa? Wenye viwanda vya kimea kwa kawaida wanataka protini iwe kati ya asilimia 9 na 12 hivi, na kila mnunuzi ana kikomo chake kwenye mkataba. Ikiwa chini mno, vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari vinapungua, na hamira nayo inakosa chakula. Ikiwa juu mno, nafasi ya wanga ndani ya punje imeliwa na protini. Sukari inayopatikana inapungua, punje inakuwa nzito kunyonya maji wakati wa kuloweka, na bia inaweza kukosa ung'avu. Kiwanda kinanunua wanga. Protini ya ziada kwake ni mzigo.

Na mbolea ikizidi shayiri inatoa machipukizi mengi kuliko inavyoweza kuyalisha. Kila chipukizi linataka suke, kila suke linataka kujaza, na mvua ikikatika mapema punje zinabaki nyembamba. Wanunuzi wengi wanazipitisha kwenye ungo wa tundu la milimita 2.5 hivi. Zinazopita chini zinahesabiwa kuwa takataka. Kwa hiyo mfuko uliozidi unakupiga mara tatu: umeununua, umekulaza shayiri, umekuharibia bei.

Wakati wa kuweka nao una neno lake. Naitrojeni inayofika mapema, wakati wa kupanda na wakati mche unatoa machipukizi, inakwenda zaidi kwenye kuongeza mavuno. Inayofika karibu na kutoa suke inakwenda kwenye protini ya punje. Mwenye ngano ya mkate anaitamani hiyo ya mwisho. Mwenye shayiri ya kimea aikimbie. Ukichelewa kuweka ya kukuzia, usiseme "bora nichelewe kuliko kukosa". Acha. Rudisha mfuko stoo.

Sasa hesabu. Mwenyekiti, naomba chaki.

Nambari hizi ni za ubaoni tu, nimezitunga ili tuelewane. Asitoke mtu hapa akasema mzee kasema ekari inatoa kilo kadhaa. Tuseme ekari yako bila urea inatoa kilo 600. Ukiweka nusu mfuko, 780. Mfuko mmoja, 900. Mfuko mmoja na nusu, 970. Mifuko miwili, 990.

Mtu akiniuliza kiwango bora ni kipi, macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye 990. Ndiyo mavuno makubwa, kweli. Lakini tazama nyongeza peke yake. Nusu mfuko wa kwanza umeleta kilo 180. Wa pili 120. Wa tatu 70. Wa nne 20. Bei ya kila nusu mfuko ni ile ile, wenye duka hawakupunguzii kwa sababu shamba limeshiba.

Tuseme shayiri ni shilingi 1,000 kwa kilo, na ukitoa gharama ya kuvuna, magunia na usafiri unabaki na 800. Mfuko wa urea tuuweke 70,000, kwa hiyo nusu ni 35,000. Ongeza 7,000 za kuubeba na kibarua wa kuuweka, inakuwa 42,000. Halafu mavuno yote yapunguze asilimia 10, maana kiwanja cha majaribio hutunzwa kuliko shamba la kweli. Hiyo asilimia 10 sikuibuni mimi, ni kawaida ya watu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Meksiko, ambao mwaka 1988 waliandika utaratibu mzuri wa kazi hii.

Nusu ya kwanza: kilo 180 zinakuwa 162, mara 800, shilingi 129,600. Toa 42,000, umebaki na faida ya 87,600. Nusu ya pili: kilo 108, shilingi 86,400, faida 44,400. Nusu ya tatu: kilo 63, shilingi 50,400, faida 8,400. Ya nne: kilo 18, shilingi 14,400. Umetoa 42,000 ukarudishiwa 14,400. Huo ni msaada, tena umewasaidia wenye kuuza urea.

(Mawakala wa pembejeo wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, unatufungia maduka.")

Sikufungii duka, mwanangu. Mkulima aliyepata faida atarudi kwako msimu ujao, aliyepata hasara atarudi kwenye mkopo.

Angalieni ile nusu ya tatu. Ina faida ya 8,400, kwa hiyo mtu anaweza kusema niiweke. Lakini umetoa 42,000 mfukoni, umeziweka ardhini miezi minne, juu yake kuna mvua, ndege na panya, ili upate 8,400. Hiyo ni asilimia 20. Wale wa CIMMYT wanasema mkulima hapaswi kushauriwa kuongeza gharama ikiwa shilingi aliyoongeza haimrudishii yenyewe na nusu yake juu, na kama jambo ni geni kwake, irudi na nyingine kamili. Kwa kipimo hicho tunasimama kwenye mfuko mmoja. Nusu ya pili inaleta asilimia 105 na ushee, inapita. Ya tatu haipiti.

Hapo sijaleta protini. Iingize. Tuseme ile nusu ya tatu imevusha protini juu ya kikomo cha mnunuzi, naye akakata shilingi 200 kwa kila kilo. Hakati kwenye zile kilo 63 ulizoongeza. Anakata kwenye mzigo wote! Mzigo wako wote ni kilo 873. Mara 200, ni shilingi 174,600. Ulifuata 8,400, ukapoteza 174,600. Hapa ndipo ninapotaka mtu aandike kwenye daftari hata kama alikuwa anasinzia.

Bei nayo ikibadilika, kiwango kinabadilika, ingawa mmea haujui habari za bei. Mnakumbuka mwaka 2021 na 2022, mbolea ilivyopanda dunia nzima. Tuseme nusu mfuko pamoja na gharama zake ifike 67,000. Nusu ya kwanza bado inakupa 62,600. Ya pili inakupa 19,400 tu, chini ya asilimia 30. Mwaka huo mtu mwenye akili anasimama kwenye nusu mfuko, na asione haya jirani akimcheka.

Mambo haya si mageni. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, watafiti Lawes na Gilbert walianza mwaka 1852 kupanda shayiri kwenye shamba la Hoosfield, vipande vingine na mbolea, vingine bila, na shamba hilo linapandwa hadi leo. Wenzetu wa Ethiopia, ambako shayiri ni chakula cha kale, na ambako mji wa Asela kwenye nyanda za Arsi una kiwanda chake cha kimea, walikuwa na ushauri mmoja uliozoeleka miaka mingi: kilo 100 za DAP, mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosfeti, na kilo 100 za urea kwa hekta. Mia kwa mia. Rahisi kukumbuka, na ndiyo sifa yake kubwa. Inatoa kilo 64 za naitrojeni kwa hekta, uwe kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji au mwekundu wa mteremkoni, uwe umetanguliza maharage au ngano. Watafiti wao wamehangaika sana kuutoka ushauri huo wa jumla. Sisi hapa tuna "mia kwa mia" zetu, hatuzisemi tu.

Nirudi kwa vijana wa Shume, kwa sababu kwenu kuna jambo ambalo Karatu halipo sana. Ninyi mnalima viazi na kabichi. Mnamwaga samadi, mnamwaga NPK, mnamwaga urea. Kabichi haimalizi yote. Ukipanda shayiri hapo hapo baada yake, kuna naitrojeni imebaki chini inakusubiri. Huenda shayiri yenu ikahitaji urea kidogo mno, au isihitaji kabisa. Ningekuwa mimi, kipande cha shayiri ningekitoa kwenye shamba lililotoka mahindi, si lililotoka kabichi.

La pili ni uchachu wa udongo. Shayiri ni mwepesi kudhurika na uchachu kuliko nafaka nyingi. Kipimo chake ni pH, namba ikishuka uchachu umepanda. Ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu inaanza kuunguza mizizi, na hapo hata ukiweka mifuko mitano ni kumnywesha maji mtu aliyezibwa koo. Udongo wa milimani kwenye mvua nyingi mara nyingi ni mchachu. Kwa hiyo pH kwanza, urea baadaye. Mna bahati, kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko hapa hapa Muheza. Watu wa mikoa mingine wanasafiri siku mbili kukifikia. Chokaa ya kilimo ikihitajika iwekwe mapema, ichanganywe na udongo. Na kuna kichekesho hapa: fosfeti ghafi ya Minjingu inayeyuka vizuri kwenye udongo mchachu, mahali ambapo shayiri haipataki. Ukirekebisha udongo upendeze shayiri, Minjingu nayo inazubaa. Hapo TSP, mbolea ya fosfeti isiyo na naitrojeni, au DAP inafanya kazi upesi zaidi.

Mkitumia DAP, ihesabuni naitrojeni yake. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na fosfeti kilo 23. Watu wanaipandia halafu wanahesabu urea kana kwamba hawajaweka kitu. Na mkinunua ya kukuzia, linganisheni kwa kilo ya naitrojeni, msilinganishe kwa mfuko. Mfuko wa urea una naitrojeni kilo 23, wa CAN kilo 13 hivi, wa SA kilo 10 na nusu. SA ya 50,000 inaonekana nafuu mbele ya urea ya 70,000, lakini gawanya: naitrojeni ya urea imekugharimu kama 3,000 kwa kilo, ya SA inakaribia 4,800. SA ina salfa, hilo nalikubali, na udongo uliokosa salfa utaishukuru. Lakini inaongeza uchachu haraka, kwa hiyo Shume sidhani.

Urea usiiache juu ya udongo. Ifukie, au iweke mvua ikiwa inakuja kweli, si mawingu ya kutishia. Ukiiacha juani inageuka hewa na kuondoka. Ni kama mgeni wa mji huu: waja leo, waondoka leo.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza swali: "Sasa bwana shamba, umetuambia nambari zako ni za kutunga. Za kweli tutazipata wapi?"

Kwenye shamba lako, mama. Chukua vipande vinne vya mita 10 kwa 10, udongo unaofanana, visiwe karibu na kichuguu wala zizi la zamani. Vyote vipe mbegu sawa, siku moja, na fosfeti sawa kwa TSP ili naitrojeni isichanganyike. Cha kwanza usiweke urea. Cha pili weka gramu 620, hiyo ni sawa na nusu mfuko kwa ekari. Cha tatu kilo 1.24, sawa na mfuko mmoja. Cha nne kilo 1.85, mfuko na nusu. Igawe mara mbili, sehemu wakati wa kupanda na sehemu wakati wa machipukizi. Kisha vipange hivyo hivyo mahali pengine shambani, mara mbili zaidi, kwa mpangilio tofauti, maana kipande kimoja kinaweza kudanganya. Vuna katikati, acha ukingo wa mita moja pande zote. Kausha, pima, na chota sampuli kidogo ya kila kiwango ipelekwe kupimwa protini. Gharama ya kipimo hicho mkichanga kikundi kizima si kubwa mbele ya mzigo kukataliwa.

Na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mvua ya mwaka jana hakuna aliyewahi kuikumbuka sawasawa. Msimu mmoja hautoshi. Mvua ikinyesha vibaya majibu yote yanapinda. Misimu miwili, mitatu, ndipo useme hiki ndicho kiwango changu.

Kijana wa mbele anauliza kama wanaweza kuanza bila kusaini mkataba na mnunuzi. Hapana. Kabla hata ya kununua mbegu, ulizeni kikomo chake cha protini, ukubwa wa punje anaotaka, uotaji, ambao mara nyingi ni asilimia 95 kwenda juu, na anakata kiasi gani mzigo ukipitiliza. Hizo karatasi ndizo zitakazowaambia hesabu ya ubaoni isimamie wapi. Asiyetaka kukuonyesha karatasi, mpandie maharage.

Nimeonyeshwa saa. Vijana wa Shume, msiondoke na basi la mchana kabla hamjanipitia. Mifuko ya sampuli za udongo ninayo kwenye gari. Chimbeni sentimita 20, sehemu kumi na tano za shamba kwa mwendo wa zigizaga, changanyeni kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, mlete nusu kilo. Jina la shamba andikeni kwa penseli. Wino unafutika udongo ukiwa mbichi.